Maji ndani ya AC ya gari: maswali ambayo madereva na mafundi wa Kigoma huuliza zaidi

Ukurasa huu unahusu magari yanayotumia gesi ya kupozea ya R134a, yaani karibu magari yote yaliyotumika Japani tunayoyaona Mwanga, Ujiji, Kasulu na kwingineko mkoani. Wenye magari ya Tabora nao wanaweza kuutumia, ila wasome kwa makini swali la usomaji wa geji (kipima presha), kwa sababu tarakimu zao ni tofauti na za Kigoma.

Nikiwasha AC maji yanadondoka chini ya gari. Ndiyo unyevu unaoharibu mfumo?

Hapana. Hayo ni maji ya hewani. Hewa ya ndani ya gari inapopita kwenye evaporeta (kipozeo cha ndani ya dashibodi) yenye baridi, unyevu wake hugeuka matone, hukusanyika kwenye trei na kutoka kwa bomba dogo linalotokezea chini ya gari, kwa kawaida upande wa abiria wa mbele. Wakati wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, hewa ya kando ya Ziwa Tanganyika huwa nzito, na gari linaweza kuacha kidimbwi kidogo pale lilipoegeshwa. Ni dalili nzuri. Wasiwasi uje pale maji yanapoacha kutoka nje na kapeti ya abiria ikaanza kuloa: hapo bomba limeziba kwa vumbi na majani.

Unyevu tunaouzungumzia hapa ni ule ulioingia ndani ya mabomba, ukachanganyika na gesi na oili ya kompresa (pampu inayosukuma gesi). Huo hauonekani, haudondoki, na hautoki wenyewe.

Mfumo umefungwa pande zote. Unyevu unaingilia wapi?

Mara nyingi unaingizwa na mikono ya watu. Mfumo ukiwa na gesi, presha ya ndani ni kubwa kuliko ya nje, kwa hiyo tundu likitokea gesi ndiyo inayotoka. Gesi ikiisha kabisa, hewa inaanza kuingia na kutoka kila gari linapopata joto mchana na kupoa usiku, na kila hewa inapoingia inakuja na mvuke wake. Gari lililokaa miezi sita bila gesi lichukuliwe kuwa lina maji ndani, hata kama tundu lenyewe ni la oringi (pete ya mpira ya kiungo) moja.

Njia nyingine ni hizi: kompresa iliyotolewa kwenye gari bovu na kukaa dukani bila vifuniko, draya (chombo cha kunyonya unyevu) iliyofunguliwa asubuhi ikafungwa jioni, kopo la oili lililoachwa wazi, na hozi za geji ambazo hazikutolewa hewa kabla ya kujaza gesi. Hata hozi nzima za mpira hupitisha unyevu kidogo kidogo kwa miaka mingi, ndiyo maana draya huchoka hata kwenye gari ambalo halijawahi kuguswa.

Maji kidogo tu yana madhara gani?

Yana madhara matatu, na yanakuja kwa kasi tofauti.

La kwanza ni kuganda. Gesi inapotoka kwenye tundu jembamba la ekspansheni (valvu inayoiingiza gesi kwenye evaporeta), joto lake hushuka ghafla hadi karibu na nyuzi 0. Matone machache ya maji yaliyokuwa yakizunguka na gesi huganda hapohapo na kuziba njia.

La pili ni asidi. Maji, gesi na joto la kompresa vikikaa pamoja huzalisha tindikali inayokula alumini ya evaporeta na kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) kutokea ndani. Hii huchukua miezi au miaka, na ikishatoboa evaporeta unashusha dashibodi nzima.

La tatu ni oili. Oili ya PAG (aina ya oili ya kompresa) hunyonya maji kwa pupa. Ikishalowa hupoteza uwezo wa kulainisha, kompresa husagika, na unga wa chuma husambaa kila mahali. Fundi anayefungua kompresa akakuta oili nyeusi yenye uji ajue kwamba kubadilisha kompresa peke yake hakutoshi. Mpya itakufa kwa ugonjwa uleule.

AC inapoza vizuri dakika kumi na tano, halafu inaleta hewa ya kawaida. Nikizima na kuwasha baadaye inapoza tena. Ni nini?

Hiyo ndiyo dalili kubwa ya barafu ndani ya ekspansheni. Ukizima, barafu inayeyuka na njia inafunguka. Ukiwasha, mchezo unaanza upya. Unganisha geji na uangalie upande wa presha ndogo. Mwanzoni husoma kawaida, kati ya psi 25 na 40. Barafu ikianza kujijenga sindano hushuka taratibu, hupita 0 na kuingia kwenye vakyumu (presha iliyo chini ya ile ya hewa), huku hewa kwenye matundu ya dashibodi ikipoteza ubaridi. Mwaga maji ya moto juu ya ekspansheni kama unaifikia: sindano ikiruka na ubaridi ukarudi ndani ya sekunde chache, umepata jibu. Kama ekspansheni imezibwa na uchafu au imekufa yenyewe, maji ya moto hayabadilishi kitu.

Usichanganye hali hii na barafu ya nje ya evaporeta, kwa sababu dawa zake ni tofauti kabisa. Weka mkono kwenye tundu la hewa. Bloa ikiwa inavuma kwa nguvu zake zote lakini hewa ni ya joto, tatizo liko ndani ya bomba. Upepo wenyewe ukiwa umefifia huku bloa inasikika ikihangaika, basi evaporeta imefunikwa na barafu kwa nje, na wa kuchunguzwa ni filta ya AC iliyojaa vumbi, sensa ya joto ya evaporeta, au upungufu wa gesi. Kwa gari linalopita barabara za vumbi, anza na filta.

Kwa nini fundi asiongeze gesi tu? Ni rahisi zaidi.

Kwa sababu gesi haifukuzi maji. Inakaa nayo. Gari lililoishiwa gesi kabisa likijazwa bila kuvutwa vakyumu (kunyonywa hewa kwa pampu) litapoza, pengine vizuri sana wiki ya kwanza, na mwenye gari ataondoka ameridhika. Ndani yake kuna hewa inayopandisha presha ya kondensa na maji yanayotengeneza asidi. Tunasisitiza hili kuliko jambo lolote lingine kwenye ukurasa huu: unacholipia kwa fundi wa AC ni ukavu wa mfumo, na gesi inakuja baadaye. Kama mfumo umefunguliwa au umeisha gesi, hakuna vakyumu, hakuna kazi.

Gesi ikiwa imepungua kidogo tu na presha bado ipo, hewa haijaingia. Hapo uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni au rangi ya mwanga wa urujuanimno (UV), uzibwe, kisha gesi ipimwe upya.

Draya iko wapi, na ibadilishwe lini?

Draya ni chombo chenye punje za kunyonya unyevu. Kwenye magari ya zamani ni kopo la alumini lenye bomba mbili, karibu na kondensa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea imeunganishwa ubavuni mwa kondensa: kuna bomba nene la kusimama, na chini yake kifuniko kinachofunguliwa kwa spana ya alen. Ndani mna kifuko cha punje pamoja na chujio. Wapo wanaodai magari haya hayana draya. Yanayo, na inabadilishika bila kununua kondensa nzima.

Ibadilishe kila mfumo unapokaa wazi, kompresa inapobadilishwa, gesi inapoisha yote, au unapoona dalili za kuganda. Punje zikishajaa maji, vakyumu ya kawaida haizikaushi ipasavyo, na zikizeeka kifuko hupasuka na punje kwenda kuziba ekspansheni.

Namna ya kuifunga ina uzito uleule. Draya mpya huja imezibwa vifuniko. Visitoke mpaka kila kiungo kingine kimeshakazwa na pampu iko tayari kuwashwa. Tikisa mkononi kabla ya kununua. Ikiwa vifuniko vimelegea au vimepotea, usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Katika hewa ya Kigoma ya mwezi wa tatu, imeshakunywa sehemu kubwa ya uwezo wake ikiwa rafuni.

Vakyumu ivutwe kwa muda gani, na geji isome ngapi?

Hapa ndipo mafundi wengi wa mikoa hii wanapotatizika, kwa sababu vitabu vimeandikwa kwa vipimo vya usawa wa bahari.

Kazi ya vakyumu ni kushusha presha mpaka maji yachemke kwa joto la kawaida na mvuke wake unyonywe nje. Maji ya nyuzi 25 huchemka presha ikishuka hadi milibari 32 hivi. Ya nyuzi 30 huchemka kwenye milibari 42. Kwa hiyo joto letu ni msaada: egesha gari juani, au washa injini ipate moto kwanza na hita iwe wazi ili evaporeta ipashike.

Vitabu husema sindano ifike inchi 29 au 29.9 za zebaki. Kigoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 770 kando ya ziwa, na presha ya hewa hapa ni kama inchi 27.3 za zebaki. Maana yake ni kwamba hata pampu bora duniani haiwezi kuisogeza sindano kupita 27 na kidogo. Tabora, yenye mwinuko wa karibu mita 1,200, ukomo ni inchi 26 hivi. Fundi wa Tabora anayeona 26 akadhani pampu imechoka au kuna tundu anahangaika bure. Na fundi wa Kigoma anayeona 25 akaridhika kwamba "iko karibu" amekosea vibaya, kwa sababu kwa nyuzi 25 maji hapa yanaanza tu kuchemka sindano ikiwa kwenye 26 na nusu. Kwenye 25 pampu inatoa hewa na kuyaacha maji yametulia.

Kuhusu muda, mfumo uliofunguliwa kwa saa chache upewe dakika 45 hadi saa moja tangu sindano ifike mwisho wake. Uliokaa wazi kwa wiki kadhaa, au wa gari lililogongwa kondensa na kunyeshewa, unahitaji saa mbili au tatu, na vakyumu ya awamu tatu tunayoieleza hapa chini.

Nitajuaje kama sindano inarudi kwa sababu ya tundu au kwa sababu ya maji?

Funga valvu za geji, zima pampu, subiri dakika 15 hadi 30. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Ikipanda polepole kisha ikatulia mahali, kuna maji yanayoendelea kuchemka ndani. Washa pampu tena.

Tatizo ni kwamba geji ya sindano haina macho ya kutosha. Shinikizo lote la mvuke wa maji kwa nyuzi 25 ni kama inchi moja tu kwenye uso wake, na unyevu kidogo hausogezi sindano hata unene wa mstari. Kipimo cha mikroni ndicho kinachosema ukweli. Mikroni 1,000 ni sawa na milimita 1 ya zebaki. Vuta mpaka 500. Ukifunga na ikabaki chini ya 1,000 kwa dakika 15, mfumo umekauka. Gereji inayofanya AC kila siku ikinunua kifaa kimoja tu mwaka huu, kiwe hicho, kifungwe upande wa mfumo na siyo mdomoni mwa pampu.

Vakyumu ya awamu tatu ni nini?

Vuta vakyumu nusu saa, ingiza naitrojeni kavu mpaka geji ifike psi 1 au 2, iache dakika kumi, itoe. Rudia. Mara ya tatu vuta mpaka mwisho na usiingize tena. Naitrojeni hubeba mvuke uliojificha kwenye kona na kwenye oili. Pia inazuia jambo ambalo wengi hawalitarajii: maji yakiwa mengi na pampu ikiwa na nguvu, yakichemka yanajipoza yenyewe mpaka yanaganda, na barafu hutoka taratibu mno.

Naitrojeni hiyohiyo itumike kutafuta uvujaji, kwa regyuleta, hadi psi 150. Kamwe usitumie oksijeni ya mtungi wa kuchomelea. Ikikutana na oili ya kompresa hulipuka na kuua. Na upepo wa kompresa ya matairi una maji, hata kama mkononi unauona mkavu. Kupuliza mabomba kwa upepo huo ni kumwagia mfumo kile unachotaka kukitoa.

Tunatumia kompresa ya friji kuvuta. Inatosha?

Haitoshi. Inavuta hewa, ila haishuki kwa uhakika mpaka kwenye presha ya kukausha, na mvuke unaopita humo huishia kwenye oili yake yenyewe, kwa hiyo kila gari linalofuata linahudumiwa na mashine dhaifu zaidi. Tafuta pampu ya hatua mbili. Ya futi za ujazo 3 hadi 5 kwa dakika inatosha gari lolote dogo, hata Hiace.

Oili ya pampu nayo ni ya kubadilishwa. Itazame kwenye kioo chake: ikiwa nyeupe kama maziwa, ina maji. Badilisha ikiwa bado ya moto ili uchafu utoke nayo. Msimu wa mvua, baada ya magari machache tu, inaweza kuwa imeshalowa.

Kipuri kimeagizwa Dar es Salaam na kitafika kwa basi baada ya siku kadhaa. Gari likae vipi?

Kama kipuri cha zamani bado kinafungika, kirudishe kwa muda. Kama hakifungiki, ziba kila mdomo wa bomba dakika ileile ulipoufungua: kifuniko cha plastiki kinachobana, au nailoni nzito iliyokunjwa mara mbili na kufungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu. Kitambaa hakizibi, kinanyonya unyevu na kuuleta mdomoni mwa bomba. Ukiweza, ingiza naitrojeni kidogo kabla ya kuziba. Na draya agiza pamoja na kipuri hicho katika safari moja, ili usilazimike kurudisha ya zamani.

Nionyesheni utaratibu wa kujaza bila kurudisha unyevu.

Vakyumu ikishakamilika, funga valvu zote mbili za geji ndipo uzime pampu. Hamisha hozi ya manjano kwenda kwenye mtungi wa gesi. Sasa simama hapo. Hozi hiyo imejaa hewa ya gereji, na ukifungua valvu ya geji sasa, hewa yote itaingia kwenye mfumo uliotumia saa nzima kuukausha. Fungua mtungi, legeza kidogo ungio la hozi upande wa geji mpaka gesi ifyonye sekunde moja au mbili, kisha kaza.

Mtungi ukae kwenye mzani. Injini ikiwa imezimwa, fungua upande wa presha kubwa na uingize gesi ya maji (gesi yenyewe ikiwa kimiminika), mtungi ukiwa umegeuzwa, mpaka isiingie tena. Funga upande huo kabisa na usiuguse injini ikiwa inawaka, kwani presha ya kompresa inaweza kurudi mtungini na kuupasua. Simamisha mtungi wima, washa injini na AC, malizia kwa gesi ya mvuke kupitia presha ndogo mpaka uzito ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti utimie. Magari madogo mengi huchukua gramu 350 hadi 600. Yenye AC ya nyuma huchukua zaidi. Fuata kibandiko, usifuate sindano.

Oili je?

Toyota nyingi zenye kompresa ya Denso inayozungushwa na mkanda hutumia ND-OIL 8, ambayo ni PAG 46. Nunua kopo dogo, litumie siku hiyo. Lililobaki nusu tangu mwezi uliopita limeshanyonya maji, na hakuna kulikausha. Ukibadilisha kondensa ongeza kama mililita 40, draya kama 10. Oringi mpya zipakwe oili hiyohiyo, na boliti ndogo za viungo zisikazwe kwa hasira. Alumini hukatika nyuzi upesi.

Magari ya haibridi kama Aqua na Prius ni habari nyingine. Kompresa yao ni ya umeme wa zaidi ya volti 100 na inataka ND-OIL 11, ya aina ya POE. PAG ikiingia huko, hata mabaki ya kwenye hozi za geji, huharibu kinga ya umeme na gari linaweza kukataa kuwaka. POE nayo ikikutana na maji huvunjika na kuwa asidi. Ukiona nyaya za rangi ya chungwa na huna hozi za pekee za haibridi, mpeleke mteja kwa mwenye nazo.

Dawa za kopo za kuziba uvujaji au kuzuia kuganda zinasaidia?

Tunashauri usiziguse. Dawa nyingi za kuziba hukauka zikikutana na unyevu. Hivyo ndivyo zinavyoziba tundu. Mfumo wenye maji ndani unazikausha ndani ya ekspansheni na kompresa. Za kuzuia kuganda zenye spiriti hushusha kiwango cha kuganda na kuyaacha maji palepale, na spiriti yenyewe hushambulia alumini.

Naweza kujipima kama gari langu lilijazwa pamoja na hewa?

Ndiyo, ukiwa na geji na kipimajoto. Gari lilale usiku kucha kivulini, na asubuhi kabla ya kuwasha soma presha. R134a safi hapa Kigoma husoma karibu psi 70 kwa nyuzi 20, 83 kwa nyuzi 25 na 98 kwa nyuzi 30. Ikizidi hapo kwa psi kumi na zaidi, kuna hewa au gesi nyingine ndani, na palipo na hewa iliyoingizwa unyevu haukosekani. Njia hiyohiyo hupima mtungi kabla hujaununua, kama bado una gesi ya maji ndani.

Vioo vinajaa ukungu wakati wa mvua na kuna harufu ya uvundo. Ni mfumo umelowa?

Hayo ni mambo ya hewa ya ndani ya gari. Kwa ukungu, washa AC pamoja na joto kidogo, chukua hewa ya nje, elekeza kiooni. Harufu hutoka kwa kuvu wanaoota juu ya evaporeta: badilisha filta, zibua bomba la maji kwa waya laini wa plastiki kutokea chini, na dakika tatu kabla ya kufika uendako zima AC uache bloa ikaushe evaporeta.

Baada ya matengenezo nidai nini kwa fundi?

Dai draya ya zamani mkononi mwako, na kibandiko chini ya boneti kilichoandikwa tarehe, aina na mililita za oili, gramu za gesi, muda wa vakyumu na usomaji ulioshika baada ya pampu kuzimwa. Fundi atakayefungua gari hilo mwakani, awe Gungu au Kaliua, atajua aanzie wapi.